Jani Alilolifagia Anjela

Sisi tuliokulia Kibosho wakati mitumba inaanza kufurika sokoni Moshi tunajua maana ya sakafu kung'aa. Saruji ilipakwa nta nyekundu, kisha watoto tukakalishwa juu ya vipande vya blanketi kuukuu, tukaburutana sebuleni mpaka tukaona nyuso zetu chini. Mchezo huo ndio uliokuwa mashine yetu. Ukiwasimulia watoto wa leo, wanauliza ilikuwa inachajiwa kwa muda gani.

Mimi nimesomea usafi wa hoteli na majumba, nina stashahada, nimesimamia wasafishaji nje ya nchi, na nimerudi kujenga nyumba ambamo wageni huvua viatu bila kuambiwa. Lakini lile swali, ni kitu gani hasa kinamfanya mtu awe msafishaji mzuri, lilinianza siku za Anjela, na mpaka leo linanitekenya.

Anjela alikuja kwetu kutoka Singida kufanya kazi za ndani, kwa majaribio. Wasichana waliomtangulia walikuwa hodari wa kusugua masufuria kwa majivu, ila mama aliwarudisha kwao. "Anafagia vizuri, lakini kikombe kikipasuka utasikia ni paka," alilalamika. Na paka hatukuwa naye.

Mwaka huo baba na baba mdogo walikuwa hawaamkiani. Bei ya kahawa ilianguka, baba mdogo akang'oa mibuni ya babu na kupanda nyanya bila kumuuliza kaka yake. Krismasi ilikuwa inakaribia, ndugu wa Dar wako njiani, na mbuzi wa ukoo hachinjwi na watu walionuniana. Ndipo mama mdogo, mke wa baba mdogo, akavuka mfereji uliotenganisha nyumba zetu, akatuletea jani la isale lililofungwa fundo. Kwetu Uchagani jani hilo ndilo ombi la msamaha, likishaletwa, hulikatai. Baba alikuwa mjini, kwa hiyo mama aliliweka mezani, akaenda sokoni.

Anjela aliitaka kazi ile kwa moyo wote. Alipangusa, akafuta, akafagia, na lile jani bichi juu ya kitambaa cheupe akaliona ni taka. Jioni mama mdogo alipita nyuma ya jiko, akaliona juu ya maganda ya ndizi waliyowekewa mbuzi. Alirudi kwake akilia, na punde tukamsikia baba mdogo akifoka ng'ambo ya mfereji: "Basi! Kaka amewatupia mbuzi msamaha wangu!"

Mama aliporudi na kusikia, alishika kichwa. Anjela angeweza kusingizia watoto, upepo, au yule paka. Badala yake aliuliza, "Mama, kwani lile jani lilikuwa la nini?" Alipoelezwa, aliliokota, akaliosha, akavuka mfereji akilibeba kwa mikono miwili, sisi watoto nyuma yake.

"Shikamoo baba. Jani nimelitupa mimi. Mwenye nyumba hata hajaliona."

Baba mdogo alimkazia macho. "Kwenu Singida hamna isale?"

"Hatuna, baba."

"Sasa mnaombanaje msamaha?"

"Kwa mdomo."

Baba mdogo alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akavaa koti, akachukua jani lake, akaenda mwenyewe kumngoja kaka yake barabarani. Krismasi ile mbuzi alichinjwa, na Anjela akakaa nasi mpaka alipoolewa.

Katika usaili wangu wa kwanza wa hoteli, wenzangu walitaja dawa za sakafu. Mimi nilisema msafishaji mzuri ni yule anayesema alichoharibu kabla hajaulizwa. Kazi nikapewa mimi, bila shaka.

Leo nami nawauliza wanaokuja kuomba kazi kwangu: mara ya mwisho uliharibu nini? "Sijawahi kuharibu kitu, madam," wananijibu, kidole kikiteleza kwenye simu. Ndugu nao siku hizi wakikosana hutumiana vikatuni vya viganja vilivyounganishwa, halafu wanafungiana namba. Ua wa isale uliokuwa kando ya mfereji, kati yetu na kwa baba mdogo, umeng'olewa. Sasa upo ukuta wa matofali, wangu, mrefu kuliko wote mtaani. Nimeotesha mche mmoja wa isale kando ya geti. Msichana mpya akiingia, namwonyesha mche huo kwanza, ndipo nampa fagio.