Ukoo wa Bihogo kwenye Barafu ya Samaki

Mukantwari wa Bibokoboko, kule milimani, hakuwa mtu wa kuomba. Mjane mwenye ng'ombe haombi, huombwa. Na kabla vita vya 2021 havijapanda huko juu, zizi lake lilijaa ng'ombe wekundu, wote uzao wa jike mmoja, Bihogo, aliyeletwa na marehemu mumewe siku za posa. Vita vikafagia zizi zima. Alipoteremka mji wa Baraka, kando ya ziwa, na wakimbizi wenzake alikuwa na kibuyu chake cha maziwa, shuka, na ndama dume mmoja mwekundu. Huyo tu ndiye aliyesalia katika ukoo wa Bihogo, na kwenye miteremko ya mawe akavunjika mguu.

Huko mjini alipokelewa na Anastasie, Mbembe muuza samaki ambaye mtaa mzima humwita Mama Eddy. Wabembe wengine walifunga milango siku zile, maana vita vilikuwa kati yao na watu wa mlimani; yeye akafungua, na usiniulize kwa nini. Miaka mingi alikuwa akinunua siagi kwa Mukantwari, basi.

Ndama hakupona. Mguu ulioza, na Clarisse, daktari wa mifugo aliyekuja kumtazama, akasema achinjwe asiteseke zaidi. Mukantwari alilia kama aliyefiwa upya, wala hakuona haya. Lakini Clarisse hakuwa amemaliza.

"Mama, haiko mwisho," akamwambia. "Ikishachinjwa, tutatoa mapumbu yake. Ndama iko mutoto, haina mbegu bado, lakini mule ndani muko chembe zenye kuzaa mbegu. Ku laboratware ya Bukavu banazilisha, zinaongezeka. Kisha siku moja banazitia mu dume ingine, na ile dume inazalisha batoto ba ukoo wa Bihogo."

"Ndama ikufe, halafu izae?"

"Kama chembe zitafika zikiwa na uzima. Zinataka baridi, lakini zisigande."

Mapumbu, ndiyo, tuseme wazi, hakuna mtoto hapa. Yaliwekwa kwenye chupa mbili zenye dawa ya kuyatunza, moja kila chupa. Sasa baridi pale Baraka ni barafu, na barafu ni ya samaki. Anastasie akaleta sanduku lake la kusafirishia sangala, amelisugua kwa sabuni mpaka limetakata, ila harufu ni harufu, haitoki.

Hapo Mukantwari akaingiwa na hofu. Kwao samaki hawaliwi, na kitu cha ng'ombe hakikaribiani na samaki. Mama yake alimfundisha kwamba ukivichanganya, maziwa hukauka na uzazi hukoma. Cheka ukitaka. Aliyepoteza zizi zima hachezi na kitu kama hicho.

"Mama Mpano," Anastasie akamtania, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, "samaki yangu haiumi ng'ombe."

Mukantwari akatabasamu. Kumkatalia mwenyeji wako mbele ya watu ni utovu wa adabu. Aliomba tu asafiri pamoja na Clarisse, na wakapanda boti ya Uvira asubuhi hiyohiyo.

Walipopita usawa wa Nundu, Clarisse alifungua sanduku kutazama barafu. Chupa ilikuwa moja.

"Mama, ingine iko wapi?"

Mukantwari akashika kibuyu mapajani. Kabla ya safari alikuwa amekisafisha kwa moshi wa majani kama wanavyofanya kwao, kikanukia vizuri, akatia chupa humo ilale mahali panapostahili ng'ombe. Angezitia zote mbili, ila kibuyu kilitosha chupa moja tu. Na jua la ziwani lilikuwa limekichoma tangu walipoondoka.

Clarisse aliitoa chupa, ina uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa. Hakufoka. Afadhali angefoka. Aliirudisha kwenye barafu, akafunika, na Mukantwari akahisi kwamba amemchinja ndama wake mara ya pili, safari hii kwa mkono wake mwenyewe.

Walipofika Uvira Clarisse akaendelea na sanduku hadi Bukavu; Mukantwari alirudi Baraka peke yake, akamweleza Anastasie yote bila kuficha, hata habari ya harufu. Anastasie alinuna siku nzima, haki yake. Kesho yake akamwekea uji, yakaisha. Majuma yakapita, Mukantwari akipalilia mihogo ya watu, akili iko Bukavu.

Simu ikalia wakiwa jikoni wote wawili. Clarisse alisema chembe za chupa ya kibuyu zilikufa zote. Za chupa ya sanduku zilikuwa hai. Zimeanza kugawanyika na kujikusanya vishada vishada, na nyingine zimegandishwa kitaalamu, kwa dawa isiyoziua, ziwe akiba zimngojee dume wa kuzibeba.

Mukantwari alikaa chini kwa furaha. Kisha akasema neno ambalo hakuwahi kumwambia mtu asiye wa ukoo wake.

"Mama Eddy, ndama ya kwanza iko yako."

Anastasie alikuwa amekaa karibu na watu wa mlimani muda wa kutosha kuelewa. Kwao ukimpa mtu ng'ombe umemfanya ndugu. Watoto wenu hawawezi tena kushikiana silaha. Alipangusa mikono yenye magamba ya samaki kwenye kitenge.

"Itaitwa jina gani?" akauliza.

Mukantwari akamjibu kwamba hilo aamue mwenyewe, ng'ombe ni wake.