Viatu Alivyotuwekea Mzee Kombo

Harufu ya gundi ya viatu hainipiti bila kunirudisha Kariakoo, kwenye kumi la mwisho la Ramadhani, mtaa wetu ukiwa umefurika watu tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi. Ilikuwa harufu kali ya kuwasha puani, imechanganyika na raba mpya na ngozi, na jirani yake kulikuwa na karai la bajia ambalo sisi tuliofunga tulilinusa kwa mateso. Gundi ile ilitoka dukani kwa Mzee Kombo, fremu nyembamba iliyopakana ukuta na duka la baba yangu. Baba aliuza masufuria, chupa za chai na vyombo vingine vya nyumbani; Mzee Kombo aliuza viatu, na vilivyoachia soli alivibandika mwenyewe. Sisi tulikaa uani, nyuma ya duka, chumba na sebule. Niwe ninakwenda shule, madrasa au kununua chumvi, ilikuwa lazima nipite mbele ya viatu vyake.

Mtaa ule ulikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyewahi kuutangaza. Sikukuu ikikaribia, watu wa mtaa walinunua madukani kwa wenzao. Vitambaa vya magauni tulichukua kwa Mama Asha wa kona, na fundi aliyekaa barazani kwake ndiye aliyevishona, hata kama mwaka uliopita alikosea mikono. Mangi, Mchaga wa duka la vyakula, kila Desemba alikuja kwa baba kuchukua masufuria ya zawadi ya kupeleka kwao Kilimanjaro, ingawa alijua fika kwamba akivuka tu upande wa Msimbazi angepata ya bei nafuu. Mzee Kombo naye alikuwa na mtindo wake. Hakusubiri tumwendee. Ramadhani ikiingia, akitukuta barazani mimi na mdogo wangu Juma, alituita, akatuvua ndala, akabonyeza kidole gumba cha mguu kwa dole lake gumu lenye gundi, akasema, "Umekua wewe." Basi, kazi imekwisha. Hakupima kwa kitu kingine chochote, na sikumbuki kiatu chake hata kimoja kilichowahi kunibana.

Siku chache baadaye ungeona nje kuna kiatu kimepungua. Wauza viatu wa Kariakoo hutundika nje mguu mmoja tu, ili mwizi akiuchomoa asifaidi kitu, na mwenzake hukaa ndani kwenye boksi. Mzee Kombo akishamwekea mtoto viatu, aliushusha ule mguu wa nje usije ukapauka kwa jua, akauweka pamoja na mwenzake kwenye rafu ya juu. Mkesha wa sikukuu mama alikwenda, akapewa maboksi, akalipa, na hapakuwa na maneno zaidi ya kuombeana Mungu awafikishe mwakani. Hakuna aliyeagiza na hakuna aliyeuliza. Mambo yalikwenda hivyo tangu kabla sijazaliwa.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa darasa la nne, na viatu vyangu vilikuwa vyekundu, vyenye mkanda na kifungo cha kung'aa pembeni. Nilikuwa nimeviangalia tangu vilipotundikwa, bila kusema, kwa maana kwetu mtoto hakuomba kiatu. Siku niliyotoka shule nikakuta kulabu tupu, nilijua. Niliruka mpaka ndani. Niseme kabisa kwamba nilifunga siku zilizobaki kwa furaha ya viatu kuliko kwa ibada.

Ila mama alikuwa na lake moyoni. Mama Mdogo, ndugu yake wa tumbo moja, alifanya kazi benki na alikuwa amehamia Mbezi Beach, na Idi iliyotangulia tulikwenda kwake kula biriani. Binti yake mkubwa alinitazama miguuni, akaniuliza kama viatu vyangu ni vya machinga. Aliuliza kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeuliza jina lako. Mama alikuwa anapakua chakula na alisikia. Aliondoka na neno lile na alikaa nalo mwaka mzima, akilirudia peke yake jikoni. Aliona haya kwa ajili yetu, na haya ya mtu mzima haikai bure.

Basi alasiri moja akatuvisha vizuri, akatupeleka kwenye yale maduka makubwa yenye viyoyozi na ngazi za umeme. Juma alikataa kuzipanda, ikabidi abebwe. Mlangoni nilimvuta mama ushungi nikamwambia Mzee Kombo ameshaniwekea, kiatu kimeshashushwa. Mama hakunitazama.

"Nani alimtuma?" akasema.

Ni kweli, hakutumwa na mtu. Dada wa dukani alinivalisha viatu vyeusi vya kumetameta, akabonyeza mbele kwa ncha ya kalamu. Vilikuwa vizuri, siwezi kuvisingizia. Mama alipewa mifuko ya karatasi ngumu yenye vishikio vya kamba, na tulipofika karibu na nyumbani aliingia sokoni akanunua mchicha mwingi na nazi, akaipanga mboga juu ya mifuko ile ndani ya kikapu mpaka haikuonekana. Mzee Kombo alikuwa amekaa mlangoni, akatusalimia, akauliza kama tumetoka sokoni. Mama akajibu ndiyo, mboga tu, akapita. Alikuwa amefunga, na katika maisha yangu nilikuwa sijawahi kumsikia akisema uongo. Nilitazama chini. Uso uliniwaka moto hadi masikioni, na sikuelewa kwa nini nione aibu mimi ambaye sikununua kitu.

Mkesha ukafika, na mama hakwenda. Duka la Mzee Kombo lilijaa akina mama waliovuta watoto wao mikono, na mimi nilisimama kwenye kichochoro cha uani nikisikia yote. Mmoja aliviona vile vyekundu juu ya rafu akavitaka. Mzee Kombo akamwambia, "Vile vina mwenyewe." Mwingine naye akaviulizia, akaambiwa vivyo hivyo. Nilikwenda kumweleza mama. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua. Baba alipoingia kufuturu alimuuliza kama ameshapita kwa Kombo, na hapo ndipo mama alipoitoa mifuko uvunguni. Baba aliitazama, tende ikiwa bado mkononi.

"Sasa nenda kamwambie aviuze, wateja bado wapo," mama alisema.

"Nimwambie nini? Kwani nilimwagiza?" baba akajibu. "Nitamwangaliaje yule mtu?"

Hapo ndipo wazazi wangu walipokwama. Ungekuwa umeagiza, ungekwenda kuomba radhi na kufuta oda. Lakini utafutaje kitu ambacho hukukitamka, umwambie mtu aache wema ambao mnajifanya hamuujui? Baba alikula kidogo, akarudi dukani kwa kupitia mlango wa nyuma. Mpaka maduka yanafungwa, hakuna aliyekwenda kusema neno.

Asubuhi ya Idi watoto wa mtaa tulizunguka kuwaamkia wakubwa na kupokea visenti vya mkono wa Idi. Niliomba Mungu Mzee Kombo awe ametoka. Alikuwepo, amekaa barazani na kanzu yake nyeupe. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, halafu macho yake yakashuka. Nadhani yalishuka kwa mazoea tu, maana kazi yake ilikuwa miguu. Yalikaa pale chini kidogo.

"Vizuri," akasema. "Vimekukaa."

Akatupa mkono wa Idi kama miaka yote, mimi na Juma, bila kupunguza. Nilitamani ardhi ipasuke. Kule Mbezi Beach, tulikokwenda mchana kula, hakuna aliyenitazama miguuni. Watoto wa Mama Mdogo walikuwa wamenunuliwa mchezo wa kuchezea kwenye televisheni na hawakuinua vichwa. Mama aliliona hilo. Alikaa pembeni ya kochi na sahani yake, na biriani lile hakulimaliza.

Sikukuu ilipopita, kiatu chekundu kilirudi kwenye kulabu. Baada ya Idi hakuna anayemnunulia mtoto kiatu cha kuvaa na gauni, kwa hiyo kikakaa pale, asubuhi mpaka jioni, na jua la Kariakoo halina huruma. Kikawa rangi ya chungwa, kisha kikawa na rangi ya nyama iliyochemshwa. Nilipita chini yake kila siku. Mama akawa anapita uso ameuelekeza upande wa pili wa barabara. Siku moja alipiga moyo konde, akanishika mkono, tukaenda. Alimwomba amuuzie vile viatu vyekundu vya Zuhura. Alitaja jina langu, kitu ambacho hakikuwahi kuhitajika. Mzee Kombo aliacha kubandika soli.

"Mama Zuhura, vile vilikuwa vya sikukuu," akasema taratibu, "na sikukuu imepita. Mtoto ana viatu, mwache."

Mama akaanza kuomba msamaha. Mzee akamkatiza, akasema hakuna kosa. Angetukana ingekuwa afadhali. Aliendelea kuja kwa baba kila sikukuu kumchukulia mkewe chupa ya chai au hotipoti, hakupunguza ujirani wake hata chembe, na kila alipoingia baba alihangaika na kufuta sufuria zisizo na vumbi. Ramadhani iliyofuata nilikaa barazani makusudi, ndala nimezivua, miguu nimeinyoosha. Mzee Kombo alipita, akanisalimia kwa jina, akaendelea na safari yake. Mkesha mama alinipeleka dukani kwake, akatukaribisha kwa heshima zote.

"Saizi ngapi?" akauliza.

Mama akanigeukia. Alikuwa haijui, na mimi sikuijua, kwa sababu haikuwa kazi yetu kuijua. Tulisimama pale mbele ya wateja wengine kama wageni waliopotea njia, na sijawahi kumwona mama amenywea kama siku ile.

Leo naishi Tabata. Baba alishafunga duka, fremu yake inauza makava ya simu. Zawadi za sikukuu nanunua kwa simu: wauzaji wa Kariakoo wanaweka picha, naandika saizi, bodaboda analeta, na muuzaji hata sura yake siijui. Ni rahisi, siwezi kukataa. Hakuna anayemwekea mtu kitu na hakuna anayekwazwa, na mwanangu hana mtu nje ya nyumba yetu anayejua kwamba mguu wake umekua. Ramadhani iliyopita nilimpeleka kule mtaani. Nilijiambia ni kwa ajili ya viatu. Mzee Kombo bado yupo, amezeeka, macho yana ukungu. Nilimwamkia, akaitikia, hakunitambua. Alimketisha binti yangu, akamvua ndala, akabonyeza kidole gumba, akatoa boksi bila kuuliza lolote. Viatu vikakaa sawasawa. Akauliza tunatoka wapi. Nilifungua kinywa kumwambia kwamba mimi ni Zuhura, mtoto wa jirani yake wa masufuria, na badala yake nikasikia ninasema Tabata.

"Mbali," akasema, anafunga boksi. "Basi mwakani msihangaike. Nimeshaujua mguu wake, nitamwekea."

Binti yangu alinitazama akitabasamu, anasubiri nikubali. Nikamwambia mzee asijisumbue, tukija tutachukua vitakavyokuwepo.