Kikohozi cha Mwalimu Hafidh

Mwalimu Hafidh Nyange hufundisha Kiingereza katika skuli moja ya Micheweni, na kalamu yake nyekundu haina huruma. Mwanafunzi akikosea vile vineno vidogo vya Kizungu vinavyosema kitu kiko wapi, juu, chini au ndani, hukatwa alama bila ya kuulizwa hali. Lakini mtu huyohuyo akifika kwa mama mkwe wake, Bi Saada, hana ubavu wa kusema mvua inanyesha ikiwa mwenyewe ameshasema jua linawaka.

Si woga, ni adabu. Mtu hakai mkeka mmoja na mama mkwe wake, hamtazami usoni, na kumwambia amekosea ndiyo kabisa, bora ameze mwiba wa samaki changu.

Sasa Bi Saada alitaka kujua Kiingereza. Kikundi chao cha wakulima wa mwani kilitafuta mtu wa kuwaeleza wageni kazi yao, na siku ya Jumamosi angekuja bibi mmoja wa Kizungu kumpima Bi Saada. Akishindwa, kazi angepewa karani mmoja wa mjini ambaye hajapata kufunga hata tawi moja la mwani kwenye kamba. Bi Saada ameinama baharini miaka ishirini, na jambo hilo lilimuuma hasa.

Masomo yakaanza, Hafidh barazani, Bi Saada ukumbini, pazia katikati. Kitabu kilikuwa na ukurasa wa paka na kitanda: paka yuko "on", yaani juu, paka yuko "under", yaani chini. Hafidh alipouona, masikio yakamwaka moto. Kitanda, mbele ya mkwe! Akauruka haraka, akaendelea na kurasa nyengine. Bi Saada akabaki kuviotea vineno hivyo mwenyewe, na kwa kuwa "under" lilimkaa vizuri mdomoni, akalitia kila mahali kama anavyotia ndimu kwenye kila mchuzi. Sufuria ikawa "under" ya jiko. Kofia ikawa "under" ya kichwa.

Kila kosa, Hafidh alikohoa. Ndiyo njia pekee aliyoiona. Bi Saada akamhurumia, akamletea chai ya tangawizi. Kesho yake akakohoa zaidi, akaletewa asali na habasoda. Siku ya tatu masomo yakavunjwa ili mwalimu apumzike. Mficha uchi hazai, walisema wazee, lakini wazee hao hawakuwa na mkwe kama Bi Saada.

Jumamosi ikafika. Pwani walijaa wanawake wa kikundi, na Hafidh alisimama nyuma yao. Mgeni wa Kizungu akauliza mwani hukaushwa wapi. Bi Saada akatengeneza kanga yake, akajibu kwa fahari kwamba mwani uko "under" ya chanja, lile jukwaa la fito la kuanikia.

Mgeni, aliyeamini alichoambiwa, akainama kuchungulia uvunguni. Humo alikuwamo kuku anaatamia. Kuku akamrukia, kofia ikaenda upande wake na mgeni upande wake.

Hafidh akakohoa, karibu mapafu yatoke.

"Hafidh, mwanangu, nenda hospitali," alisema Bi Saada mbele ya watu wote. "Kifua hicho si cha mchezo."

Hapo yakamfika shingoni. Alikuwa anaona kazi ya mkwewe inaondoka, na yeye ndiye aliyeifukuza kwa adabu zake.

"Si kifua, mama," alisema, macho mchangani. "Umekosea. Mwani uko juu ya chanja. 'On', mama."

Wanawake wakaziba midomo kwa kanga. Bi Saada akamkabili mkwewe.

"Tangu lini wajua kuwa nakosea?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na tangawizi yangu ukanywa?"

"Nilikunywa yote, mama."

Bi Saada akamgeukia mgeni, akasema upya na "on" lake mahali pake, akaendelea na kamba na vigingi. Mgeni, akijitoa manyoya, aliahidi kurudi baada ya wiki mbili kumsikiliza tena kabla ya kuamua.

Alasiri ile Hafidh alikwenda barazani, amejiandaa kufukuzwa. Pazia lilikuwa limefungwa pembeni. Bi Saada alikuwa ametandika mkeka mmoja, kitabu kimefunuliwa katikati, kwenye ukurasa wa paka na kitanda.

"Kaa hapa, unitazame," alimwambia. "Haya, nisomeshe kitanda. Aibu nshaimaliza pwani."