Tundu la Kwanza ni la Siku Gani?

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimevaa sweta ya mama, maana baridi ya Sumbawanga mwezi wa sita haina mzaha. Karani Mkuu wa kumbukumbu alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaniuliza, "Binti, unajua kufuma?"

Nikamjibu najua, masista walinifundisha.

"Vizuri. Basi hapa utafuma wagonjwa."

Akanikabidhi chuma kirefu cha kufumia sweta na bunda la kadi. Nikadhani ananitania. Kumbe ndiyo kazi yenyewe, na niliifanya mpaka nikapewa jina la Mama Kadi, ambalo hata wajukuu wangu wanalitumia wanapotaka kuniudhi.

Ninyi mliozoea kompyuta mtacheka, lakini hebu nielezeni kwanza kama mngeiweza kazi hiyo bila kompyuta. Kila mgonjwa wa kifua kikuu alikuwa na kadi ngumu yenye matundu kuzunguka kingo zake. Kila tundu lilikuwa na maana: hili la mwanamke, hili la mwanamume, hili la anayechomwa sindano, hili la anayemeza vidonge tu. Jambo likimhusu mgonjwa, tulilikata tundu lake kwa koleo likawa wazi mpaka ukingoni. Tundu lililokatwa tuliliita mdomo. Ukitaka kuwajua wote wanaochomwa sindano, unazipanga kadi pamoja, unapitisha kile chuma kwenye tundu lao, unainua na kutikisa. Zenye mdomo zinaanguka mezani, zisizo na mdomo zinabaki zinaning'inia. Chuma hicho tulikiita mkuki, kisije kikachanganywa na sindano za wauguzi.

Jina la mgonjwa halikuandikwa kwenye kadi. Siku zile mtu akijulikana ana kifua kikuu, hata kikombe chake cha pombe kilitengwa. Kwa hiyo mgonjwa alipewa kibati chenye nambari, na nambari hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye kadi. Majina yalikaa kwenye daftari, na daftari lilikaa kabatini kwa Karani Mkuu. Gari letu lilikuwa na kituo chake kwa kila siku ya kazi, Jumatano likishuka Mtowisa, na Jumamosi wagonjwa wa mjini walikuja wenyewe. Kila kituo kilianza nambari zake upya kuanzia moja. Ndiyo maana juu ya kadi kulikuwa na matundu saba ya siku. Bila siku, nambari kumi na mbili ingeweza kuwa mtu yeyote kati ya watu sita.

Mganga Mkuu wa wakati ule alikuwa mtu wa kufikiri mbali. Alisema kumbukumbu iliyo mahali pamoja ni kama haipo, akaamuru itengenezwe seti ya pili. Kazi hiyo alipewa karani mwenzetu Shabani, kijana wa mjini, wa ukoo wenye maduka na malori. Alinakili kutoka kwenye daftari, akafuata karatasi ya ufunguo iliyobandikwa ukutani, ile iliyoeleza kila tundu ni la nini. Alipomaliza, kadi zake zikafungiwa kwenye sanduku la bati katika stoo ya dawa. Baadaye Shabani akaacha kazi akaenda kuendesha lori la baba yake mdogo, na Mganga Mkuu naye akahamishwa. Sanduku tukalisahau.

Masika moja upepo ukang'oa paa la ofisi yetu. Mvua ilinyesha ndani kama nje. Asubuhi kadi, daftari na karatasi ya ufunguo vyote vilikuwa uji. Karani Mkuu alikaa juu ya kiti kilicholowa akashika kichwa. Mimi nililia, sioni haya kusema. Ndipo mlinzi akatukumbusha sanduku.

Kufuli lilikuwa limeshikwa na kutu, tukalivunja. Ndani unyevu ulikuwa umezigandisha kadi zikawa kama tofali. Mkuki haukupita hata kidogo. Tulizibandua moja moja kwa kisu cha mezani kisicho na makali, tukazikausha juu ya magazeti, tukazipaka poda ya watoto ili ziteleze. Ofisi nzima ilinukia kitoto kichanga. Hatimaye mkuki ukapita, tukapiga makofi.

Haraka ilikuwa na sababu. Dawa ya sindano ilikuwa imeadimika kwa muda, sasa imefika, na Mganga Mkuu mpya alitaka wagonjwa wote waanze upya kuchomwa. Lakini dawa ile ilikuwa na ubaya wake: kwa watu wachache iliharibu masikio, na ukiendelea kumchoma mtu wa namna hiyo atakuwa kiziwi asipone tena. Waliokwisha kuonekana wana dalili, kadi zao zilikatwa mdomo kwenye tundu la masikio, wao wakawekwa kwenye vidonge. Wauguzi waliowajua kwa sura walikuwa wamehamishwa. Kadi pekee ndizo zilizojua.

Tulishuka Mtowisa na kadi za Jumatano. Kwetu wiki ya kazi ilianza Jumatatu, kwa hiyo Jumatano ni tundu la tatu. Gari liliteremka mteremko wa Lyamba lya Mfipa likinung'unika kwenye kila kona, na tulipofika bondeni nikavua sweta. Wagonjwa walikuwa wamekaa wakiimba, wakiongozwa na mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya kupasua bati. Alikuwa mwimbishaji wa kanisani, anaitwa Felista. Kibati chake kilikuwa nambari kumi na mbili.

Nikatoa kadi ya kumi na mbili. Mdomo wake ulikuwa kwenye tundu la mwanamume, na la wazee.

"Ndugu Mganga," nikasema, "huyu si yeye."

Tukajaribu ya kumi na tatu. Kadi inasema mwanamke, mbele yetu kasimama babu mwenye ndevu. Mganga Mkuu akafunga sanduku la sindano. "Leo vidonge tu."

Felista akaja juu. "Vidonge tena! Sisi watoto? Wenzetu wa Ufipa juu mnawachoma, sisi wa bondeni mnatupa karanga! Mimi nataka sindano, Ndugu Mganga."

Hapo ndipo nilipoogopa. Watu waliamini dawa isiyouma si dawa. Hata kama masikio yake yalikuwa yameanza kuharibika, asingetuambia, kwa hofu ya kunyimwa sindano.

Njiani kurudi Mganga Mkuu alizungumza taratibu. "Binti, nakala imeharibika. Ugonjwa haungoji. Jumatano ijayo nitawachoma wote, na atakayekuwa kiziwi nitamjibia kwa Mungu."

Sikumlaumu. Angeacha watu wafe kwa ajili ya kadi? Lakini sauti ya yule mama ilinikaa kichwani. Kesho yake nikapitisha mkuki tundu moja baada ya jingine. Tundu la pili halikuangusha kitu, kana kwamba Jumanne hatukuwa na mgonjwa hata mmoja. Tundu la saba likaangusha rundo zima. La saba, Jumapili! Jumapili gari halitoki, na sisi wote tuko misani. Nani huyo alitibu watu Jumapili? Nikacheka peke yangu, maana nilijua kadi hazikuharibika. Kadi zilikuwa zinasema, ila sisi hatukuwa tunasikilizana nazo.

Nikamkuta Shabani sokoni, amelala chini ya lori, miguu tu inaonekana.

"Shabani, tundu la kwanza la siku ulilipa siku gani?"

"Shikamoo hata kwa miguu yangu hakuna?" akajibu kutoka chini. "La kwanza Jumamosi, dada."

"Karatasi ilisema Jumamosi?"

"Karatasi ilisema siku ya kwanza. Sasa siku ya kwanza ni ipi? Juma-mosi. Mosi si ndiyo moja? Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu. Jina lenyewe linakwambia!"

"Kazini wiki inaanza Jumatatu."

Akatoka chini ya lori, uso mweusi kwa oili, anacheka mpaka machozi. "Yaani ninyi mnaanza kuhesabu kwenye tatu! Ndiyo maana mishahara haifiki."

Alikuwa sahihi, na sisi tulikuwa sahihi. Karatasi ndiyo ilikuwa bubu. Jumatano, kwa hesabu yake, ilikuwa tundu la tano, kama jina linavyosema. Nilirudi ofisini nikikimbia, mwanamke mzima, nikapitisha mkuki kwenye la tano. Nambari kumi na mbili ikaanguka: mwanamke, kijana, na mdomo mpana kwenye tundu la masikio.

Jumatano Mganga Mkuu alimketisha Felista akamwambia hatachomwa. Akafoka. Nikapiga magoti mbele yake nikamuuliza kwa Kifipa, taratibu, kama mtu anavyomuuliza dada yake, zamani alipokuwa anachomwa alisikia nini usiku. Akanisogelea. Kisha akasema, "Nyuki. Nilisikia nyuki kila usiku. Nilidhani wako kwenye paa." Na sasa? "Waliondoka nilipopewa vidonge." Akatazama bomba la sindano mkononi mwa muuguzi, kisha akaufunika mdomo kwa khanga.

Miaka iliyofuata nilihamishwa huku na huku. Kirando nilikaa miaka mingi, kadi zikinuka dagaa. Baadaye nilirudishwa mkoani, kompyuta zikaja, mkuki wangu ukabaki wa kufumia sweta. Nimestaafu sasa, naishi Malangali, hapa hapa mjini Sumbawanga. Juzi kijana wa ofisini alinijia na mashaka, akasema nakala yao ya akiba imegoma kufunguka, imeonyesha takataka tupu. Mimi kompyuta siijui. Nilimuuliza tu kama amekwenda kumuuliza aliyeitengeneza alikuwa anahesabuje. Alinikazia macho, akaondoka mbio. Jana amenipigia simu kusema imefunguka, ilikuwa mambo ya tarehe, mwezi umekaa mahali pa siku.

Vijana, msiharakishe kuitupa kumbukumbu inayokataa kusema. Mara nyingi imeandikwa na mtu mwenye akili timamu aliyeanzia mahali pengine.

Felista naye yuko Malangali siku hizi, kwa mwanawe, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Ni bibi kizee, macho yamemwishia, magoti hayataki. Kila nikienda kumsalimu nina mchezo wangu ambao sijawahi kumwambia mtu. Nasimama mbali, kule kwenye ua wa mahindi, nasema hodi kwa sauti ndogo kabisa, sauti ambayo hata mimi naisikia kwa shida.

"Karibu, Mama Kadi," anaitika kutoka ndani.