Meno ya Bobi, Vidole vya Mutindi

Mutindi aliporudi kwao Mbooni kutoka hospitali ya ukoma, mwaka wa 1976, alikuwa amepona kabisa. Daktari alisema hivyo, na kanisani wakatangaza. Lakini nenda ukawaambie watu! Mume alikuwa ameshahama. Jirani yake Kaluki, mwenye huruma ya kupima kwa kijiko, alimletea maji kila jioni, akalitua debe nje ya ua, akaita kwa mbali na kwenda zake.

Aliyeingia bila kuogopa ni Bobi, mtoto wa mbwa aliyeokotwa sokoni. Alimlalia miguuni. Mutindi alimpenda mno.

Shida ilikuwa meno. Bobi alitafuna kila kitu, hasa vidole vya Mutindi alipokuwa akisokota mkonge wa kusukia vikapu vya kiondo. Ukoma ulikuwa umeiacha mikono yake haisikii chochote. Akiona damu kwenye uzi, ndipo alipojua ameumwa tena. Vidonda vikaoza.

"Mama, hii kidole ikioza tena tutakata," nesi wa zahanati alimwambia. "Hiyo mbwa toa nyumbani."

Atoe mbwa, abaki na nani? Atoe vidole, asuke na nini? Alimchapa Bobi puani. Bobi akadhani ni mchezo, akauma zaidi. Alijipaka pilipili vidoleni, Bobi akapiga chafya na kuendelea, naye Mutindi akasahau, akajifuta macho, akashinda kutwa haoni mbele. Mwishowe alikata tamaa. Akakubali Muthama, kaka yake Kaluki, aje amchukue mbwa akamuue. 

Siku ilipofika, Kaluki alikuja kusema Muthama yuko njiani. Kwa haraka akajisahau, akatia mguu uani. Bobi akaudaka.

"Uuui! Nakufa mimi!"

Bobi aliachia papo hapo, akarudi nyuma, masikio chini.

Mutindi aliduwaa. Meno ni yale yale! Kumbe mbwa huyu hakuwahi kuambiwa kwamba anaumiza. Nani angemwambia, ikiwa mwenye mikono hakusikia?

"Mwambie Muthama asikuje," alisema.

Tangu hapo aliichunga mikono yake kwa macho. Meno yakigusa tu, "Uui!" kisha anaificha na kumpa Bobi mgongo. Sauti ilikuwa ya uongo, hata yeye aliona aibu. Bobi aliinamisha kichwa upande, akamtazama, akauma tena.

Jioni moja alikidaka kile kidole kibovu. Mutindi akafungua mdomo atoe ule uui wake wa kuigiza, kikatoka kilio kingine: cha mume, cha miaka ya hospitali, cha debe linaloachwa nje. Akashindwa kukizuia. Bobi aliachia, akatetemeka, akaanza kumlamba mkono polepole.

Kaluki ndiyo kwanza alikuwa anatua debe nje ya ua.

"Mutindi! Umeumia?"

"Nimeumia, Kaluki. Nimeumia kitambo sana."

 Kaluki akaliinua debe, akaingia nalo mpaka ndani.