Aliyeitika Naam Ghorofani

Niliporudi na diploma yangu, pale barazani mtaani kwetu Ng'ambo waliniita "fundi wa makaratasi". Walisema sitaweza kutengeneza hata redio, seuze seva ya barua pepe. Basi sikiliza. Haya yalinikuta mimi, macho makavu, mchana kweupe. Mtu aliyesoma ughaibuni miaka mitano kwa kuosha vyombo vya watu, bila mjomba wa kumlipia, atazua uongo ili iweje?

Kazi ilikuwa mtaa wa Malindi, chumba cha chini katika nyumba ya kale ya Bwana Nasri, mwenye nyumba tatu za wageni. Kompyuta niliazima kwa binamu yangu, feni kwa jirani yetu Bi Zuhura, meza kwa seremala. Bwana Nasri alinipa mpaka Ijumaa. "Ikifika magharibi barua haijaondoka," alisema, "namwita fundi wa Dar, na wewe rudi barazani."

Programu ya seva niliijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake, yaani maandishi ya maagizo yake. Vipande vyake huitana kwa majina, na vingine hukaa kwenye mafaili ya pamoja tunayoyaita maktaba. Jina likiitwa na maktaba isiitike, ujenzi unakatika. Siku nne nzima ulikatika pale pale, jina lile lile: halipatikani.

Ijumaa, wote wamekwenda kuswali, mimi nimebaki. Ndiyo, nilibaki, nilaumu. Ujenzi ukakatika tena. Kwa hasira nikalisoma lile jina kwa sauti kubwa, kama mtu anayemwita mtoto mtukutu.

"Naam," ikajibu sauti nyuma ya mlango wa ngazi za kwendea ghorofani.

Akatoka mwanamke mtu mzima, buibui lake limejaa vumbi la chokaa.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba. Mbona waniita kwa ukali hivyo?"

"Sikukuita wewe, bi. Naita kipande cha programu."

"Umeita, nshaitika." Akaweka disketi mezani, haina hata lebo. "Nakuazima, sikupi. Na mimi sirudishiwi chombo kitupu." Akaingia mlangoni, akafunga.

Ungefikiri nini? Mimi nilidhani ni mpangaji wa juu, pengine ana mtoto mwenye kompyuta. Nikaitia ile disketi, nikaielekeza programu itafute maktaba humo. Ujenzi ukapita mara moja! Kabla ya alasiri barua ilikwenda Dar na jibu likarudi.

"Umeweza, kijana!" alisema Bwana Nasri.

"Mimi mwenyewe," nikajibu, na neno likanikwama. Nikamuuliza yule bi wa juu ni nani.

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akaenda kuufungua ule mlango kwa bega, maana ulikuwa umekaza kwa kutu. Nyuma yake hapakuwa na ngazi. Palikuwa na rundo la mawe na chokaa, na mbingu juu. Ngazi zilianguka, akaniambia, kabla hata mimi sijasafiri kwenda kusoma.

Niamini, hofu ilipita. Kilichobaki ni hasira. Nikilinakili faili la disketi, nakala inatoka tupu. Nikiitoa disketi, seva inakufa. Halafu habari zikafika barazani.

"Seva ya jini hiyo!" walicheka. "Diploma ya nini, si ungesomea uganga?"

Miaka mitano ya jasho langu, sifa apewe asiye na ngazi! Nikakaa wiki tatu napekua mashine, folda moja moja, mpaka nikaona. Kulikuwa na maktaba mbili zenye jina moja. Ya kale ilikuwa kwenye folda ya mwanzo, na ujenzi uliikuta hiyo, ukaishia hapo. Mpya, yenye kipande nilichokuwa nikikiita, ilikuwa folda ya pili. Dawa ilikuwamo ndani muda wote! Nikageuza mpangilio wa kutafuta, folda ya pili ianze, nikajenga upya, nikaitoa disketi. Seva ikaendelea kupumua.

Sasa yeye ni nani wa kuniazima nilichokuwa nacho? Lakini kupokea nilipokea, na cha kuazima hurudishwa. Mshahara wa kwanza ulipotoka nilinunua kompyuta yangu na meza, nikaihamishia seva. Siku hiyo hiyo nikarudisha ya binamu, feni kwa Bi Zuhura ikiwa na plagi mpya, meza kwa seremala. Jioni nikaufungua ule mlango, nikaweka juu ya mawe sahani yenye disketi na kipande cha halua.

"Bi, chako hiki. Ahsante."

Nikafunga.

Nawe unayejenga seva katika nyumba za watu, nisikilize: jina likikosekana, lisome kwa macho tu. Mimi hadi leo nasoma kimya, na wanafunzi wangu nimewapiga marufuku kutamka.

Basi asubuhi baada ya kuiweka ile sahani mlangoni, niliikuta mezani kwangu, imeoshwa, bado inachuruzika maji. Disketi haipo. Bwana Nasri akaingia akauliza seva inaendeleaje.

"Inakwenda," nikasema. "Nimeijenga mimi mwenyewe." Safari hii neno halikukwama.