Faili Lenye Jina la Ibtisam

Miezi kumi na minne ilikuwa imepita tangu Wagdi azikwe, na Ibtisam alikuwa bado hathubutu kuligusa faili lile.

Walikuwa wakifanya kazi pamoja, mume na mke, kwenye hifadhi ya sauti za redio pale Aleksandria: mashine tisa zilizounganishwa, kila kipindi kikiwekwa nakala kwenye mashine tatu. Sasa basi, mashine ikijaa asilimia tisini na tano hujifunga, haipokei hata herufi moja. Asubuhi hiyo mashine ya saba ilijifunga, vipindi vya siku vikakwama mpaka kitu kikubwa kifutwe humo.

Na humo ndimo Wagdi alimoweka kwa mkono wake faili moja kubwa mno, akaliita "kwa-Ibtisam". Halikuwa na nakala popote. Ukilifuta, limekwenda. Ibtisam alikuwa na hakika mumewe kajirekodi humo, akawa anangoja siku atakayopata moyo wa kumsikia. Alimtamani, jamani! Hata kikohozi chake alikitamani.

"Mama Shadi, unalifuta au nije mimi?" akauliza Girgis, mwenzake wa meza ya pili.

"Nipe dakika, bwana! Kwani tramu inakuacha?"

Akavaa hedifoni, akalifungua. Kimya. Akasogeza mbele. Kimya. Akatazama kilichoandikwa ndani: sifuri, sifuri, sifuri, mpaka mwisho. Machozi yakamtoka kwa hasira.

"Hamna kitu! Mwaka mzima nalea hewa!"

Girgis akaja, akachungulia, akacheka, kisha akaona uso wake akaacha. "Hukujua? Hilo ni faili la akiba. Sisi wazee wa mashine tunaziba nafasi makusudi, ili siku diski ikijaa ulifute, upate pa kupumulia. Langu mimi naliita 'kitambi'. Yeye lake kalipa jina lako."

Ibtisam akatazama tarehe. Siku mbili kabla Wagdi hajalazwa hospitali. Alijua, basi. Alijua siku ya kubanwa mkewe atakuwa peke yake. Ndivyo alivyokuwa mtu yule: maneno hana, lakini ukichelewa kurudi utaukuta mkate wako umefunikwa kitambaa.

Akalifuta. Mashine ikafunguka, vipindi vikaanza kuingia kimoja kimoja.

"Mwehu wewe," akamnong'oneza marehemu, hedifoni bado masikioni. "Ningeridhika na neno moja tu."